Sinia Lisilohesabu Matonge

Sinia lilipotua mkekani, taa mbili za zambarau ziliwaka chini ya ngozi za watu. Moja iliwaka kwenye mkono wa kushoto wa Nyanzala, nyingine kwenye mkono wa Kalunde, wifi yake, mke wa kaka yake. Hazikuzidi punje ya haragwe kwa ukubwa. Zilipepesa mara moja, zikatulia, kama mtu aliyeitwa jina akaitika.

"Limeshatuona," alisema Nyanzala. "Haya, bismillahi, kuleni."

Watoto watano, watatu wa kwake na wawili wa Kalunde, walikuwa wameshaanza. Ugali ulimeguka pande zote kwa wakati mmoja.

Lile halikuwa sinia la kawaida. Liliitwa sinia-mizani. Chini yake kulikuwa na mizani nyembamba kama karatasi, na kwenye ukingo wake macho madogo ya kioo yaliyohesabu vichwa vya walioketi. Lilipima ugali, kuku wa nazi na mchicha wa karanga, likapima tena vilivyobaki mwishoni, likagawa, kisha likapeleka taarifa kwenye vile vitalu viwili vilivyokuwa vinang'aa mikononi: mwenye mkono huu kala kiasi hiki, fanya kazi yako.

Kitalu ndicho kilichoifanya Tabora ijulikane duniani kuliko asali yake. Wahandisi wa Taasisi ya Rangijani walichukua chembe hai za choya, ile rosela nyekundu ya kunywa, na za tunda la zambarau, wakazifunga ndani ya kifuko laini, wakakipandikiza kifuko mkononi. Humo ndani chembe zilipika rangi ile ile inayouacha ulimi mweusi baada ya kula zambarau, zikaimwaga kwenye damu. Wazee wa zamani walikunywa choya kwa ajili ya presha, wala hawakukosea sana. Ila rangi ya kunywa haikai mwilini, nyingi huishia chooni. Rangi ya kitalu ilikaa. Ilikwenda kuyaamsha mafuta yaliyolala kiunoni na tumboni, ikayaambia yaungue. Mafuta yakaungua polepole, yakatoa joto, sukari ikashuka, na mtu akapungua bila kukimbia barabarani alfajiri akifukuzwa na mbwa.

Jiji lilihitaji dawa ya namna hiyo. Mashine zililima, zikabeba, zikaendesha, zikachimba. Watu walikaa. Walikula vya viwandani wakiwa wamekaa, na wakafa kwa sukari na moyo kabla ya kuona wajukuu. Kitalu kilipokuja, wodi ya kukata miguu katika hospitali kubwa ilifungwa, ikageuzwa darasa. Nyanzala alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupandikizwa. Alikuwa mnene kiasi cha kulala ameketi, na sukari yake ilikuwa haishikiki. Sasa picha yake ilitembea kwenye kuta za jengo la Taasisi, kabla na baada, baada akiwa amevaa gauni la kijani na mkono kiunoni.

"Shemeji Kalunde!" Kapela, mume wa Nyanzala, alipaza sauti kutoka barazani, alikokuwa anakula na jirani yake. "Hiyo mashine yenu imenipunja. Nilioa mke mzima, nimebaki na robo."

"Robo hiyo ndiyo iliyokupikia," Nyanzala alimjibu. "Kula kimya."

"Nasema tu! Juzi upepo umevuma, nikatoka mbio nikamshike. Kumbe ni kanga kwenye kamba."

Jirani akacheka mpaka akapaliwa. Nyanzala naye alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Kalunde alikisikia kilivyokatika. Alikuwa mhandisi wa mitambo hai, na kazi yake kwa miaka ilikuwa kusikiliza kitu kinapokwama.

Watoto walimaliza, wakaondoka bila kunawa vizuri. Nyanzala aliinama kubeba sinia. Alilinyanyua, akapiga hatua chache, halafu akaketi nalo sakafuni, taratibu, sinia likiwa bado mikononi. Hakuanguka. Aliketi tu, kama mtu aliyefika kwenye kituo chake.

"Wifi, una nini?"

"Nimechoka. Nani hajachoka?"

Kalunde mwenyewe alikuwa amechoka tangu mvua zilizopita. Mumewe alikuwa zamu ya mwaka mzima mwezini akichimba barafu, na watoto walikuwa wake peke yake, na kazi ilikuwa yake, na usafi, na vikao vya shule. Mashine ya kupatanisha ndugu wanaogombania mto wa kulalia ilikuwa bado haijabuniwa. Kila jioni alivua viatu na kukaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta. Alidhani ni umri.

Alipiga magoti, akamshika Nyanzala mkono. Ulikuwa wa moto. Watu wenye kitalu huwa na joto kidogo, hilo ni la kawaida, lakini huu ulikuwa wa moto kama birika lililotoka jikoni muda si mrefu. Mshipa ulikuwa unapiga, unaruka, unapiga tena. Kalunde alitoa kisomeo cha vitalu mfukoni, akakiweka juu ya ile punje ya zambarau. Maandishi yakatokea: *Kitalu kinafanya kazi kikamilifu. Mtumiaji anakula vizuri. Hongera.*

"Kesho asubuhi tunakwenda Taasisi," alisema Kalunde.

"Kesho nina nguo za—"

"Nguo hazina moyo. Wewe unao. Kesho."

Asubuhi iliyofuata Daktari Msabila, mkuu wa Taasisi, alimpima Nyanzala mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, aliyezungumza kana kwamba kila neno limepitishwa kwenye chujio. Wiki hiyo alikuwa na haraka, kwa kuwa Jumatatu wageni wa Wizara wangefika kuamua kama vitalu vipelekwe nchi nzima, lakini hakumharakisha mgonjwa. Alimlaza chini ya kioo-mwili, mashine inayoonyesha ndani ya mtu kama unavyoona samaki kwenye maji masafi, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita Kalunde koridoni.

"Mafuta yamekwisha," alisema. "Hakuna hata ya kulainishia goti. Kinachoungua sasa ni nyama. Na moyo, mhandisi, nao ni nyama."

"Ana muda gani?"

"Moyo umeshakuwa mwembamba. Ukiendelea kuungua hivi, wiki chache. Labda pungufu." Akashusha miwani. "Kitalu kina hitilafu?"

"Nimekipima. Kizima."

"Sinia?"

"Nimelipima pia. Zima."

"Basi anaumwa kitu kingine. Kwa sababu taarifa zinasema mwanamke huyu anakula kama mkata kuni."

Hapo ndipo palipokuwa na mkanganyiko. Kitalu hakikupika rangi ovyo. Aliyekula sana kilimpikia nyingi, aliyekula kidogo kilimpikia kidogo, na aliyefunga kililala kabisa. Kulikuwa na hali maalumu ya saumu kwa ajili ya Ramadhani. Kisingeweza kupima damu na kuiamini, kwani damu ya mgonjwa wa sukari huongopa: sukari inajaa damuni huku mwili wenyewe una njaa. Kwa hiyo kilitegemea sinia. Sinia likisema kala, kala.

Kalunde alirudi chumbani. Nyanzala alikuwa anafunga vifungo vya gauni.

"Wifi, nijibu bila kunificha. Unakula?"

Nyanzala alimtazama kama aliyetukanwa. "Si jana tulikula wote? Ulikuwa mbele yangu. Tena sinia lenyewe limesema, au na lenyewe halisemi kweli siku hizi?"

Hakuwa anaongopa. Kalunde alimjua tangu alipoolewa katika ukoo ule; Nyanzala akiongopa huwa anakuna shingo. Hakukuna kitu.

Mchana huo walirudi nyumbani. Binti mkubwa wa Nyanzala alikuwa amepika, sinia likawekwa, taa za zambarau zikawaka. Na Kalunde akafanya jambo ambalo tangu utotoni aliambiwa ni ukosefu wa adabu. Alimtazama mwenzake mkono.

Ilikuwa ni kwa sababu ya adabu hiyo hiyo sinia lilikuwa kama lilivyo. Sinia la kwanza kabisa lilikuwa na macho ya kufuata kila mkono na kujua nani kachukua nini. Wahandisi walipolipeleka kwa kina mama wa mtaa wa Isevya ili walijaribu, kina mama walilitazama, wakatazamana, kisha mmoja akavua mtandio wake akalifunika. "Kuhesabiana matonge," alisema, "ni kumfukuza mtu bila kufungua mlango. Rudini nalo." Kalunde alikuwa mkuu wa kikosi kilicholiunda, na alikubaliana nao moyoni. Kwao mtoto aliyetazama mkono wa mwenzake alifinywa sikio. Kwa hiyo aliagiza macho ya mikono yatolewe. Sinia lipime chakula chote, lihesabu vichwa, ligawe sawa kwa sawa, mtoto ahesabiwe nusu. Walilijaribu kwenye ukumbi wa chakula wa Taasisi kwa miezi, wafanyakazi wakila wanne wanne, na hesabu ilitoka safi. Watu wazima wenye njaa sawa hula sawa. Hakuna aliyekuja kazini na mtoto.

Sasa aliutazama mkono wa Nyanzala.

Mkono ulikwenda kwenye ugali, ukamega tonge dogo, la ukubwa wa karanga tatu. Ukalizungusha. Ukalizungusha tena. Ukalichovya kwenye mchuzi, ukalipeleka mdomoni. Ukarudi, ukagusa paja la kuku, ukalisukuma mpaka mbele ya Tatu, kitinda mimba wa miaka minne. Ukachambua mfupa usio na nyama. Ukamfuta mtoto kidevu. Ukarudi kwenye ugali, ukausogeza ulioporomoka upande wa wavulana. Ukalambwa vidole, kana kwamba umeshiba. Muda wote mdomo ulikuwa unazungumza: mwalimu kasema nini, wewe usile kwa pupa, wifi mbona huli. Mkono haukupumzika hata kidogo, wala haukuchukua kitu. Mtu yeyote aliyeketi pale angeapa kwamba Nyanzala alikula na watoto wake.

Na Nyanzala mwenyewe angeapa.

"Wifi, mbona huli?" alirudia.

Kalunde alishusha macho kwenye mkono wake. Ulikuwa umeshika bawa la kuku, na ulikuwa njiani kuelekea kwa mtoto wake wa pili. Hakukumbuka kuuagiza. Vidole vilikuwa na mafuta, na tumboni hamkuwa na kitu. Joto lilikuwa linapanda shingoni, joto lile la kila siku alilolizoea, na akaelewa kwa nini alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta.

Kumbe haikuwa umri.

Alilirudisha bawa, akanawa, akatoka nje kumpigia Daktari Msabila. Alieleza kwa ufupi: chakula ambacho mama aliwasogezea watoto, sinia lilimwandikia kuwa kala yeye.

"Wangapi?" Msabila aliuliza.

"Kila mwanamke anayekula sinia moja na watoto. Bibi anayelea wajukuu. Dada mkubwa."

"Lakini hao ndio matokeo yetu bora. Waliopungua haraka kuliko wote ni kina mama."

"Ndiyo, Daktari. Ndiyo ninachokwambia."

Msabila alivuta pumzi. "Turudishe macho ya mikono."

"Kutengeneza masinia mapya ni kazi ya miezi. Na hata tukiyarudisha, watayafunika. Ningeyafunika mimi."

"Basi tuvizime vitalu vyao."

"Vimeshaota mizizi kwenye mishipa. Ukikizima ghafla kinaoza, kinaitia damu sumu. Unajua hilo kuliko mimi."

"Najua. Nilikuwa natumaini umesahau." Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka. "Mhandisi, nakuomba kitu. Jumatatu wageni wanakuja. Tuwape taarifa kwa utaratibu, Jumanne. Siku chache tu. Tukitangaza leo, mradi unakufa, na wale ambao kitalu kingewasaidia kweli wanarudi kukatwa miguu. Wapo, na unawajua."

Kalunde aliwajua. Hilo ndilo lililokuwa baya. Msabila hakuwa mtu mbaya, na kitalu hakikuwa kitu kibaya. Wanaume wa barazani walikuwa wamepona. Kapela alikuwa amepona. Ingekuwa rahisi zaidi kama pangekuwa na mwizi mahali.

"Kuna mioyo ambayo haifiki Jumanne," alisema. "Nimewalaza."

"Umewalaza nani?"

"Wanawake wote wanaokula na watoto. Nimewaweka hali ya saumu, sasa hivi, nikiwa naongea na wewe. Vitalu vitalala mpaka nitakapoviamsha. Na nimewapelekea ujumbe: kitalu chako kimelala, kula chakula chako kwenye sahani yako mwenyewe."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa funguo ulizonipa wewe. Jumatatu zichukue, na kazi pia, sitagomba."

Alikata simu kabla hajaanza kulia, akagundua kwamba hakuwa na machozi wala nguvu za kuyatafuta. Kazi zingepatikana. Kabla ya Taasisi alitengeneza pampu za maji, na pampu hazikuwahi kumfikiria vibaya.

Aliporudi ndani, watoto walikuwa bado wamezunguka sinia wakigombania ukoko. Alimwinua Nyanzala, akamwingiza jikoni, akafunga mlango. Palikuwa na ugali uliobaki sufuriani na kuku kidogo. Akapakua vyote kwenye sahani ya kawaida, ya udongo, isiyojua kuhesabu chochote, akaiweka mezani.

"Kaa. Kula."

"Hapa?"

"Hapa."

"Peke yangu? Kama mwizi?" Nyanzala aliangalia mlango. "Kalunde, unanifundisha kula kobe mchana kweupe, na Ramadhani yenyewe haijafika?"

"Ndiyo."

"Nina sinia la zamani kabatini, lile la mama. Halina mashine. Nitakula na wanangu."

"Ukikaa na wanao huli. Nimekutazama."

"Umenitazama?"

"Nimekuhesabia matonge, wifi. Moja baada ya jingine. Nisamehe."

Uso wa Nyanzala ulipita kwenye aibu, ukapita kwenye hasira, kisha ukachoka kwa vyote viwili. Aliketi.

"Nilikuwa naona nakula," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nilikuwa naona nakula."

"Nilipokuwa mnene, unajua nilikuwa nakula saa ngapi? Wakishalala. Nilikuwa nafagia masufuria yote, na biskuti, na soda. Njaa ilikuwa inaniamsha. Mlipoweka hiki, usiku nikaanza kulala vizuri, nikasema alhamdulillahi, nimepona." Alicheka kidogo. "Kumbe nilikuwa nimeacha ule mlo mmoja niliokuwa nao."

Kalunde alikuwa amesimama amejiegemeza mlangoni. Hilo hakulijua. Katika miaka yote ya vikao, vipimo na michoro, hakuna aliyewauliza kina mama walikuwa wananenepa kwa chakula cha saa ngapi. Waliyaona mafuta, wakayatafutia rangi.

"Kula," alisema.

Nyanzala alimega tonge. Lilikuwa dogo. Kalunde alimkazia macho. Akaliongeza likawa tonge la mtu mzima, akalichovya, akaliinua.

Mlango uligongwa, chini kabisa, usawa wa goti.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Tatu. "Mama, unakula nini?"

Tonge likasimama hewani. Kalunde aliuona mkono wa wifi yake ukigeuka, taratibu, wenyewe, kama majani yanavyogeukia mwanga, ukielekea mlangoni. Matone ya mchuzi yalidondoka mezani.

"Ameshashiba," Kalunde alisema. "Ametoka kula paja zima. Nimeliona."

"Mama, nipe na mimi. Fungua."

"Anataka kidogo tu, wifi. Mtoto akitaka—"

"Nyanzala."

Kitasa kilitikisika. Tatu alianza kulia, kilio cha mtoto asiye na njaa, cha mtoto aliyefungiwa mlango kwa mara ya kwanza maishani mwake na hajui kosa lake. Alikuwa anasukuma kwa mikono yote miwili. Hakuwa na uzito wa kutosha kuufungua, lakini Kalunde naye hakuwa amebaki na uzito mwingi. Alizungusha mgongo, akaukaza kwenye ubao wa mlango, akasimika visigino sakafuni, na kilio cha mtoto kikampita mgongoni.

"Meza kwanza," alimwambia wifi yake. "Meza, ndipo nifungue."

Nyanzala alifumba macho, akalitia tonge mdomoni, akameza.